Hatuzamii, Tunazama

Kwenye grupu ya WhatsApp ya familia yetu kuna sheria moja ambayo haijaandikwa popote: Kukhu akishatuma maombi ya usiku, hakuna mtu anayeandika tena hadi asubuhi. Mimi niliivunja. Ilikuwa Jumanne, saa nne kasoro, amina zimeshamiminika, nikaandika: "Tukifika Diani mimi nataka kupiga mbizi. Ile ya mtungi mgongoni. Nani anakuja?"

Kimya cha dakika sita. Halafu Senge, mwalimu mkuu mstaafu, akajibu: "Hayo ni mambo ya wazungu, mwanangu." Khocha akatuma sauti ya kicheko, sekunde 48, hakuna neno hata moja ndani yake. Binamu yangu wa Eldoret akauliza kama nimemaliza deni la karo ndio sasa nianze kulipa kutazama samaki. Baba, ambaye husoma kila kitu na hajibu kitu, aliandika neno moja: "Hapana."

Naandika haya kwa sababu kwenye grupu sikupewa nafasi. Pia kwa sababu nimegundua kwamba jibu la familia yangu ndilo jibu la nchi nzima, na nimechoka nalo.

Kwanza mpango wenyewe. Sisi ni watu 14 kutoka Kibabii, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Tangu Januari kila nyumba imekuwa ikiweka shilingi 2,500 kwa mwezi kwenye chama ili Desemba hii twende Pwani. Kukhu ana miaka 79 na hajawahi kuiona bahari. Tutapanda basi hadi Nairobi, tuchukue treni ya SGR hadi Miritini, kisha matatu ya kukodi hadi Diani kwa barabara ya Dongo Kundu. Hiyo Dongo Kundu ni amri ya Baba. Tangu 2019 ameapa hatakanyaga feri ya Likoni, na nitairudia hiyo. Tutakaa siku sita. Ratiba ameiandika Senge kwa mkono, akaipiga picha, akaituma: kuona bahari, kula samaki, picha za familia, kanisa, kununua zawadi, kuona bahari tena. Iangalie hiyo ratiba vizuri. Siku sita kando ya Bahari Hindi, na hakuna mahali palipoandikwa kuingia majini.

Sasa, "mambo ya wazungu." Hili neno limetumika vibaya mpaka limechakaa. Suti ambayo Khocha atavaa harusini ni mambo ya wazungu. Mkate, chai ya majani, mahakama, kwaya ya Senge yenye sauti nne, zote zilikuja na meli. Arsenal ni mambo ya wazungu kweli kweli, lakini nimeona wanaume wa Kanduyi wakitaka kutoana meno kwa ajili yake. Hakuna anayeuliza. Ila kitu kikiwa na maji ndani yake, ghafla tunakumbuka mipaka ya utamaduni wetu.

Na si kweli hata kidogo. Watu wa Pwani wamekuwa wakipiga mbizi kabla mtungi haujavumbuliwa. Kuna vijana Shimoni na Vanga ambao hushuka kwa pumzi moja kutafuta majongoo ya baharini, yale yanayokaushwa na kusafirishwa hadi Uchina. Wengine huingia kwenye mashimo ya mwamba kutafuta pweza na kamba. Hawana vazi la mpira wala saa ya kuhesabu kina. Wana mapafu na tumbo lenye njaa. Hao si wazungu. Ukiwaambia kwamba kuzama chini ya maji ni mchezo wa wageni watakuangalia kama mtu aliyepotea njia.

Kiswahili chenyewe kinajua tofauti ambayo sisi tunaikataa. Kuzama ni jambo linalokupata. Kuzamia ni jambo unalolitenda. Watanzania wamelichukua neno hilo hilo wakampa kijana anayejificha melini aende Ulaya bila tiketi: mzamiaji. Nimefikiria sana hilo. Nilipopiga simu kwa kampuni moja ya mbizi kule Diani (sitaitaja, si wao pekee), nilijihisi mzamiaji wa aina hiyo, mtu aliyeingia sherehe bila kadi. Jamaa aliyepokea, Mkenya mwenzangu, sauti safi, alinisikiliza vizuri halafu akauliza: "Sawa bro, na mgeni wako anatoka nchi gani?"

Nikamwambia mgeni ni mimi.

"Aah." Ile aah, manze. Akanitajia bei kwa yuro. Yuro 90 kwa mbizi moja ya kujaribu, pamoja na somo la asubuhi kwenye bwawa na vifaa vyote. Nikamuuliza kwa shilingi ni ngapi, akaniambia nisubiri atafute kikokotoo. Kampuni iko Kwale, mashua inaendeshwa na Mdigo, bahari ni ya Jamhuri, na hakuna mtu pale aliyewahi kuihesabu bei kwa shilingi. Ilikuja kama 13,500. Sijui ni nini kiliniumiza zaidi, hiyo bei au hicho kikokotoo.

Lakini sitaki kuwalaumu watu wa hoteli peke yao, hiyo ni rahisi sana na kila mtu mtandaoni ameshaiandika. Wao wanauza kwa anayenunua. Swali ni kwa nini sisi hatujawahi kufika dirishani.

Mimi nilikulia karibu na mto. Watoto wote wa huku walikulia karibu na mto, maana Bungoma ni mito mitupu: Khalaba, Kuywa, Sio, Malakisi, na Nzoia mwenyewe ambaye ndiye mkubwa wao. Kila mtoto wa rika langu anajua kile kipimo cha ukucha. Unarudi nyumbani jioni, umekauka, umejipanga uongo wako, Mathe anakuita karibu, anapitisha ukucha mmoja kwenye mkono. Ukitokea mstari mweupe, umeenda mtoni. Hakuna wakili wa kukuokoa hapo. Nilichapwa kwa mstari mweupe labda mara 20, na katika hizo mara 20 hakuna hata moja ambapo mtu mzima aliniuliza: unajua kuogelea?

Na hapa kwetu maji si kitu kigeni kwa mila. Mwaka unaogawanyika kwa mbili, ikifika Agosti, kijana wa Kibukusu hupelekwa mtoni alfajiri, baridi ya kukata masikio, apakwe tope mwili mzima kabla ya kurudi kusimama mbele ya kisu. Mimi nimesimama hapo. Tulipewa nyimbo, tulipewa matusi, tulipewa hotuba nzima juu ya uanaume. Tuliambiwa usipepese jicho. Mto ulikuwa pale pale, magoti yetu yako ndani yake, na nusu yetu kama tungeteleza hatua tatu zaidi tungekufa mbele ya wajomba.

Darasa la sita tulimpoteza mwenzetu kwa Nzoia, upande wa Webuye, chini kidogo ya maporomoko ya Nabuyole. Sitamtaja. Alikuwa amefuata mpira. Nakumbuka wanaume wazima wamejipanga ukingoni, labda 60, wamekunja mikono, wengine wamevua mashati kana kwamba wataingia, hakuna aliyeingia. Hakuna aliyejua. Walimtafuta mvuvi mmoja kutoka kule chini Budalang'i ambako mto unakutana na ziwa, akaja siku ya pili na kamba na ndoano. Hivyo ndivyo alivyotolewa, kwa ndoano, kama mbuta. Wiki hiyo kila mzazi alimshika mtoto wake sikio na kusema maneno mawili: "Umeona sasa?"

Tuliona. Tuliona kwamba maji yanaua. Somo likaishia hapo, na bado liko hapo mpaka leo. Hakuna mzazi, mwalimu, chifu, padri wala mwakilishi wa wadi aliyesema kwamba basi, kwa kuwa tuna mito mitano na watoto elfu, tuwafundishe. Hofu ndiyo sera yetu ya maji. Ni sera rahisi, haihitaji bajeti.

Tatizo la hiyo sera ni kwamba inadhani mtu huzama kwa sababu ameyaendea maji. Mara nyingi maji ndiyo hukuendea wewe. Desemba 2021 basi la wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na mto Enziu kule Kitui, zaidi ya watu 30 wakafa. Hao hawakuwa wameenda kuogelea. Mvua za Machi hadi Mei 2024 ziliua zaidi ya watu 200 nchini, wengine wakiwa wamelala vitandani mwao. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na wengi wao wako kwenye nchi kama zetu, si kwenye nchi za wenye mabwawa nyuma ya nyumba. Wazungu ambao tunawaachia "mambo yao" wanazama kidogo kuliko sisi. Fikiria hilo polepole. Wanaocheza na maji wanapona, wanaoyaogopa wanakufa.

Sasa feri. Jumapili, tarehe 29 Septemba 2019, gari lilirudi nyuma likateleza kutoka feri ya MV Harambee katikati ya kivuko cha Likoni. Ndani mlikuwa na mama na mtoto wake wa miaka minne. Kila Mkenya mwenye simu aliiona ile video. Kilichofuata ndicho kilichomfanya Baba aape. Siku ya kwanza hawakupatikana. Siku ya pili, ya tatu, ya tano. Wanamaji walikuwepo, meli zilikuwepo, viongozi walikuwepo wa kutosha na maikrofoni. Ndugu wa marehemu waliketi pale ufukweni wakitazama maji. Mpaka wapiga mbizi kutoka Afrika Kusini waliletwa. Miili ilitolewa siku ya 13, tarehe 11 Oktoba, kutoka kina cha mita 58.

Nitasema ukweli kabla mtu hajaniwahi: mita 58 si mchezo. Cheti cha kwanza cha mbizi kinakuruhusu mita 18. Mbizi ya kujaribu ambayo mimi naililia ni mita 12 na mkufunzi amekushika. Kwenye kina cha 58, katika mkondo wenye giza na meli zinapita juu, hata mtu wa miaka mingi ya kazi anaweza asirudi. Sidai kwamba binamu zangu wangemtoa mtu pale. Nadai hivi: nchi haipati mpiga mbizi wa mita 58 kutoka hewani. Inampata kutoka kwa watu elfu moja waliojaribu mita 12 wakiwa na miaka 17 na kuipenda. Sisi tuna wakimbiaji wa dunia kwa sababu kila mtoto wa Iten anakimbia, si kwa sababu serikali ilichagua watatu ikawafundisha. Kwa upande wa maji hatuna huyo mtoto. Tuna pwani ya mamia ya kilomita, tuna sehemu ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, halafu maafa yakitokea tunasimama ukingoni, mikono imekunjwa, kama wale 60 wa Nzoia.

Na halikuwa jambo la kwanza Mombasa. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa karibu kabisa na nchi kavu, watu 272 wakafa. Miaka 25 kati ya maafa hayo mawili. Mtoto aliyezaliwa siku ile ya Mtongwe alikuwa mtu mzima wa miaka 25 siku ya Likoni. Angeweza kuwa ameshafundishwa kila kitu.

Shuleni? Usinichekeshe. Kuogelea kumo kwenye mtaala mpya, ndiyo, nimeona kitabu. Mpwa wangu yuko gredi ya tatu katika shule ambayo nitaiacha bila jina. Siku ya kipindi hicho mwalimu aliwalaza kifudifudi juu ya madawati, kila mtoto na dawati lake, wakapiga miguu na mikono hewani kwa dakika 20. Akapewa alama: amefikia matarajio. Alirudi nyumbani akaniambia, "Uncle, najua kuogelea." Hilo ndilo lililonifanya nisilale usiku, si kicheko cha Khocha. Ana miaka minane, anaenda Diani Desemba hii, na ana cheti cha dawati.

Halafu kuna sisi, wasee wa rika langu, na hapa najijumuisha. Tunaenda Pwani. Tunaenda sana, tunaziuza hata simu ili twende. Diani ukifika wikendi ndefu utadhani Nairobi imehamia. Lakini angalia picha zetu. Maji yanafika kwenye kifundo cha mguu. Tumegeuza bahari kuwa ukuta wa kupigia picha. Mgeni kutoka Italia anapita katikati ya fremu yako amebeba mapezi, anaenda kuona kasa, wewe unamwambia asogee anakuharibia picha. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, za kwanza kabisa nchini. Kisite-Mpunguti, kusini mwa Wasini, ina matumbawe na pomboo na samaki wa rangi ambazo hata Kanga za Likoni hazina. Askari wa wanyamapori wanazilinda kwa ushuru ambao hata mama wa mboga wa Chwele anachangia akinunua kiberiti. Tumelipia nyumba nzima, tunakaa verandani.

Mnajua kuna nini kingine chini huko? Historia. Mbele ya Fort Jesus ilizama meli ya Wareno, Santo António de Tanná, mwaka 1697, ngome ikiwa imezingirwa na Waomani. Ilichimbuliwa chini ya maji kati ya 1977 na 1980. Leo tunaye Mkenya, Caesar Bita wa Makavazi ya Taifa, ambaye kazi yake ni hiyo, kusoma mabaki ya meli akiwa na mtungi mgongoni. Mmoja ninayeweza kumtaja kwa jina. Mmoja! Na kuna meli za aina nyingine. São José ilitoka Msumbiji mwaka 1794 na zaidi ya watu 400 wa upande huu wa Afrika wakiwa wamefungwa ndani, ikavunjika karibu na Cape Town, karibu nusu wakafa. Marekani, wapiga mbizi weusi walijiunga, wakashuka kule Florida mwaka 1993 wakaweka bamba la ukumbusho palipozama Henrietta Marie, iliyokuwa imetoka kuuza watu Jamaika mwaka 1700. Walishuka wenyewe. Hawakusema hayo ni mambo ya wazungu. Walijua waliolala kule chini ni nani.

Turudi kwenye mpango, kwa sababu mimi si mtu wa hasira tu, nimefanya hesabu.

Kitu ambacho karibu hakuna kitabu kilichoandikwa kwa ajili yetu ni hiki. Ule mtungi haubebi oksijeni kama Khocha anavyodhani, hubeba hewa ya kawaida iliyoshindiliwa. Ukishuka mita 10 shinikizo la mwili linakuwa mara mbili ya lile la juu, na naitrojeni iliyo kwenye hewa inaingia kwenye damu na misuli. Ukipanda polepole inatoka polepole. Ukikimbia, inatoka kama soda iliyotikiswa, na hayo mapovu yanaweza kukupooza. Ndiyo maana wapiga mbizi huambiwa wasipande ndege hadi saa 12 zipite baada ya mbizi moja, au saa 18 kama ni zaidi. Ndege ikiwa juu, hewa ya ndani huwa nyepesi, mara nyingi isizidi ile ya mlima wa mita 2,400.

Nilimuuliza yule jamaa wa simu kuhusu kurudi nyumbani. Akaniuliza ndege yetu ni lini. Nikamwambia tunarudi kwa treni halafu basi. "Basi hakuna shida kabisa," akasema.

Bana. Basi la Bungoma linapita Timboroa. Timboroa iko juu ya mita 2,700. Kabla ya hapo umeshapanda Nairobi, mita 1,700 hivi, ukapita Limuru, ukashuka Naivasha, ukapanda tena. Mtu wa Kibabii anayerudi nyumbani kwa basi anafika juu zaidi kuliko mzungu aliye ndani ya ndege yake. Kitabu kinamlinda anayeruka kwenda Frankfurt. Anayekwenda Bungoma hakuwahi kufikiriwa kwamba atakuwa kwenye hiyo mashua. Jamaa hakuwa na nia mbaya, ila hajawahi kumrudisha mpiga mbizi Kanduyi. Kwa hiyo nimepanga mwenyewe: tunafika Jumapili, mbizi ni Jumanne asubuhi, safari ya kurudi ni Ijumaa. Siku mbili nzima katikati, kwenye usawa wa bahari, kula samaki wa Senge. Dada yangu ana pumu, hiyo fomu ya afya lazima ajaze bila uongo, na daktari akisema hapana basi atabaki juu na miwani na mrija. Kwenye kozi kamili ya cheti lazima uogelee mita 200 na uelee dakika 10. Mimi naweza kuelea dakika 10. Mita 200, bado nazifukuza.

Sasa binamu wa Eldoret. Swali lake ndilo la maana kuliko yote na sitalikwepa. Ni kweli niliacha chuo mwaka wa tatu. Ni kweli kuna deni la 86,000 lililoshikilia matokeo yangu. Mimi huishi kwa kuandika, na mwaka jana makala iliyonilipa vizuri zaidi ilinilipa 12,000, tena baada ya miezi minne na simu saba. Kwa hiyo mtu anaweza kusema: huyu hana karo, anatafuta matumbawe. Nimelala na hilo swali. Nikiipeleka hiyo 13,500 chuoni nitabaki na deni la 72,500, na karatasi bado itakuwa kabatini kwao. Lakini hiyo ni hesabu, na binamu hakuuliza hesabu. Aliuliza kama mtu aliyeshindwa anaruhusiwa kutaka kitu kisicho na faida. Kwamba maskini akitoka nje ya nyumba lazima awe anaenda kutafuta, la sivyo akae. Mgeni wa yuro 90 hajawahi kuulizwa kama ana mkopo wa chuo. Wengi wao wanao.

Na pesa ipo, hiyo ndiyo inanitia wazimu. Kwenye bajeti yetu kuna fulana za familia, zile za rangi moja zenye jina la ukoo mgongoni na "Diani" kifuani. Fulana 14 kwa 850 kila moja: 11,900. Hakuna aliyesema ni mambo ya wazungu. Kuna hoteli hapa mjini Bungoma yenye bwawa, kuingia ni 300. Hizo fulana ni siku 39 za bwawa. Kijana aliyefundishwa vizuri anaweza kuelea kwa siku tano. Mpwa wangu angetoka juu ya dawati.

Nimeyaandika hayo yote kwenye grupu, safari hii mchana, nikaweka kura ya ndiyo na hapana: fulana au bwawa. Khocha alipigia fulana. Senge aliandika kwamba atatafakari. Baba amesoma. Binamu wa Eldoret, sikutarajia, alipigia bwawa, kisha akaongeza kwamba deni bado anakumbuka. Kukhu alituma maombi, ilikuwa saa nane mchana, nadhani alibonyeza vibaya.

Usiku, saa tano na kitu, simu ikalia. Si kwenye grupu, ni kwangu. Mathe, yule wa ukucha. "Hizo nguo za kuogea," ameandika, "ziko za kufunika magoti?" Nikamjibu ziko, nikamtumia picha. Alama mbili za samawati. Dakika tatu anaandika, anaacha, anaandika. "Nitafutie saizi yangu. Usimwambie babako kwanza."